Waliovalia Ndani ya Basi

Komeo alikuwa amelala chali chini ya geti la chuma, akichomelea bawaba, na hakutoka hata alipoona viatu vya kike vimesimama karibu na kichwa chake.

"Kama ni kuagiza geti, bosi yuko ndani," alisema. "Kama ni ile mechi, sina la kusema."

"Ni ile mechi."

"Basi safari njema."

Inspekta hakuondoka. Alivuta ndoo tupu ya rangi, akaigeuza, akaikalia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa kitengo ambacho askari wenzake walikiita Makaburini, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kufukua kesi zilizokwisha kuhukumiwa. Aliyoifukua safari hii ilijulikana mpaka na watoto wa shule. Msimu ule klabu ya mji ilifika nusu fainali ya Kombe la Bara, mahali ambapo haikuwahi kufika na haijafika tena. Ugenini walitoka sare tasa. Nyumbani walihitaji bao moja tu. Badala yake wachezaji waliingia uwanjani wakiyumba kama walevi, wakafungwa matatu kabla ya mapumziko, na winga wao wa kushoto, kijana mdogo wa mwili waliyemwita Kiberiti, akaanguka karibu na kibendera cha kona bila kuguswa na mtu. Hakuamka. Mpishi wa timu alifungwa maisha kwa kosa la kuwatilia wachezaji sumu.

Jumatatu majaji wa rufaa wangekaa kuisikiliza kesi hiyo kwa mara ya mwisho. Ombi la kupokea ushahidi mpya lilitakiwa liwafikie kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa, nalo halikuwa na maana bila sahihi ya mfungwa mwenyewe. Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi, na ushahidi mpya haukuwepo. Aliyekuwepo ni binti wa mpishi, fundi cherehani, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi na kuapa kwamba hataondoka mpaka mtu aende kuuliza upya.

"Timu nzima iliumwa kichwa na kichefuchefu," Inspekta alisema. "Wewe uliyekuwa golini hukuumwa."

"Ndiyo maana mke wangu alimwagiwa maji machafu sokoni. Ndiyo maana nachomelea mageti. Kosa langu ni kuwa mzima."

"Ulikula nini mchana ule?"

"Walichokula wote. Wali na kuku. Mama hakuwa na sufuria la kipa peke yake."

"Mama?"

"Mpishi. Tulimwita Mama. Ana ndevu mpaka hapa, lakini usipomaliza sahani anakununia mpaka kesho. Wewe ungemwitaje?"

"Mahakama iliambiwa alikuwekea chakula chako kando."

"Iliambiwa na shabiki aliyekuwa nje ya ukuta wa kambi. Mimi niliyekuwa mezani hakuna aliyeniita."

"Nimekuita mimi. Tangu mlipoinuka mezani mpaka filimbi ya kwanza, ulifanya nini ambacho wenzako hawakufanya?"

Komeo alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa ya mtu mzee.

"Wewe mpira huujui, afande."

"Siujui."

"Kipa anatoka mapema. Wenzake wakiwa bado wanafunga kamba za viatu, yeye na kocha wake wako uwanjani, anapigiwa mashuti. Siku ile tulipofika tu nilivaa haraka haraka nikashuka."

"Ukashuka wapi?"

"Kwenye basi. Ningeshuka wapi tena?"

"Jalada linasema timu ilivalia katika chumba cha kubadilishia nguo."

Komeo alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Jalada lilitaka tuonekane watu wa heshima. Hakuna mchezaji aliyetia mguu katika kile chumba. Wageni walifanya mazoezi pale siku iliyotangulia, kanuni zinawaruhusu. Sasa zikaja habari kwamba wameacha kitu ndani, wamepuliza dawa. Sumu, uchawi, kila mtu na lake. Nahodha akasema haingii mtu, tunavalia ndani ya basi."

"Nani alileta hizo habari?"

"Mimi nilizisikia kwa nahodha. Siku za mechi kubwa kila dakika kuna habari."

"Kocha wako wa makipa, aliumwa?"

"Hapana."

"Dereva?"

"Dereva alikuwa nje, anazuia mashabiki wasipande. Yeye..." Komeo alitazama geti lililokuwa mbele yake kana kwamba limefunguka lenyewe. "Afande, sisi tuliokuwa nje ndio hatukuumwa."

"Kiberiti alikaa wapi?"

"Siti ya nyuma. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, akalazwa pale afungwe bandeji. Alishuka wa mwisho." Alijifuta uso kwa mkono wenye masizi, ukabaki mstari mweusi kwenye paji. "Watu wamenitemea mate, unajua? Na jibu lilikuwa kwamba nilishuka mapema?"

"Bado sijasema hivyo."

"Sema basi. Sema hata kwa uongo."

Inspekta alirudisha ndoo mahali pake, akamwomba asizungumze na mtu yeyote mpaka Jumatatu.

"Nizungumze na nani?" Komeo alisema, akarudi chini ya geti.

*

Binti wa mpishi alikuwa bado kwenye benchi la kituo, na sindano mkononi, akishona vifungo kwenye shati jeupe. Inspekta alikaa karibu naye.

"Baba yako alionekana kwenye mlango wa jiko la kambi, akimkabidhi kitu mpishi wa wageni, ikasemwa wamekula njama. Hicho ndicho kilichomfunga. Nataka nikisikie kwako."

"Sufuria," binti alijibu bila kuinua macho. "Mizigo yao ilikwama njiani, hawakuwa na chombo cha kupikia watu wengi. Yule mpishi wao akaja kuomba. Baba akampa lile kubwa."

"Hakulisema hilo mahakamani?"

"Alilisema. Mahakama nzima ikacheka, mpaka karani. Mwendesha mashtaka akauliza, ni mtu gani huyo anayemwazima adui sufuria siku ya mechi."

"Ni mtu gani?"

"Ni baba. Angekuona wewe hapa ulivyokonda, angekuazima na mwiko."

Inspekta aliingia ofisini akapiga simu klabu ya wageni. Alizungushwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine, mpaka akapatikana mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Ndiyo, yeye ndiye aliyekuwa mpishi msimu ule. Ndiyo, sufuria analikumbuka, lipo, wanachemshia maji ya chai mpaka leo.

"Kwa nini hamkulirudisha?"

"Tungemrudishia nani, afande? Tulipotaka kulirudisha, mwenyewe alikuwa ameshafungwa. Tulidhani labda ni kweli alifanya. Tukaona aibu hata kulitaja."

"Hakuna polisi aliyewahi kukuuliza?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Kwa hiyo kile kilichomfunga mtu maisha kilikuwa kinachemsha maji ya chai. Lakini sufuria lilimwondolea mpishi sababu ya kuua tu. Halikueleza Kiberiti alikufa kwa nini. Majaji wangeuliza hilo kwanza, na wasingekubali kuambiwa kwamba mtu aliazima chombo kwa wema wake.

*

Aliyekuwa mchua misuli wa timu sasa alifanya kazi katika chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini. Inspekta alimkuta akimnyoosha goti bibi mmoja aliyemtukana kwa kila pumzi.

"Polepole, wewe mwuaji."

"Nakunyoosha, bibi, siui. Kunja. Haya, nyoosha." Alimgeukia Inspekta bila kuliachia lile goti. "Uliza tu. Huyu hasikii kitu isipokuwa maumivu."

"Nasikia kila kitu," bibi alisema.

Inspekta alimwuliza kuhusu basi. Mchua misuli hakushangaa. Alisema ilikuwa kazi ya taabu, kuchua miguu ya watu wazima kati ya siti. Madirisha yote yalifungwa, yakazibwa kwa mataulo na jezi za mazoezi, kwa sababu mashabiki walikuwa wanachungulia na nahodha hakutaka jicho la mtu. Dawa ya kuchulia ilijaa mle ndani mpaka macho yakawasha.

"Kama kungekuwa na harufu nyingine, ungeisikia?"

"Hata mbwa angekuwa amekufa chini ya siti nisingesikia. Ile dawa inakata pua."

"Wewe uliumwa?"

"Kichwa, kama nimepigwa nyundo. Nilidhani ni ile dawa. Nikatoka kuchota barafu, nikapata nafuu."

"Na wachezaji? Walipewa dawa gani hospitalini?"

"Dawa?" Aliliachia goti. "Hakuna. Waliletwa hapa hapa, wakalazwa kwenye korido, madirisha wazi. Kabla hata daktari hajawafikia wote, wengi walikuwa wamekaa wanalia. Nilisema mwenyewe wakati ule: sumu gani hii inayotibiwa na korido?"

"Ulimwambia nani?"

"Daktari. Akaniambia nikachue misuli."

Bibi aliguna.

"Kiberiti ulimwona baada ya kufa?" Inspekta aliuliza.

"Tulimwosha mimi na Mama. Mpishi, yaani. Polisi walikuwa hawajamchukua bado." Mchua misuli alitazama mikono yake. "Unajua kilichonisumbua? Alipendeza. Nimeona maiti, afande, kucha zinakuwa na rangi ya majivu. Yake zilikuwa nyekundu, viganja vyekundu, midomo kama mtu aliyetoka kukimbia sasa hivi. Mama alikuwa anamshika viganja akisema, huyu hajafa, huyu ana damu, mwamsheni. Ilibidi tumtoe kwa nguvu."

Inspekta aliandika: kucha, viganja, midomo. Akapiga mstari chini yake.

"Mlifanyaje na joto? Basi limefungwa, jua la mchana, watu wamejaa."

"Feni. Zilikuwepo feni ndogo kwenye dari."

"Injini ilikuwa inawaka?"

"Hapana, injini..." Alifikiri. "Injini ilikuwa imezimwa. Lakini kitu kilikuwa kinatetemeka. Nyuma kule, chini ya siti. Nakumbuka kwa sababu Kiberiti alinitania. Alisema leo amepata mchua misuli asiyenung'unika, siti inamchua kuliko mimi."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni.

"Kunja," bibi alimwambia kwa sauti ndogo. "Endelea, mwanangu. Kunja."

*

Basi lilikuwa limesimamishwa juu ya mawe nyuma ya gereji, matairi hayapo, rangi za klabu zimebabuka. Aliyekuwa dereva wake sasa alikuwa mlinzi wa uwanja ule wa vyuma chakavu, na basi ndilo lililokuwa nyumba yake. Alikuwa ametandika godoro kwenye njia ya katikati. Nguo zake zilining'inia pale ambapo zamani wachezaji waliweka mabegi.

"Wengine wanafukuzwa kazi, mimi kazi ilifukuzwa nikabaki na gari," alisema akimkaribisha. "Pita, afande. Usikanyage sahani."

Inspekta alikwenda moja kwa moja mpaka siti ya nyuma. Alipiga magoti, akawasha tochi, akaondoa zulia. Kwenye sakafu ya bati palikuwa na tundu lenye kingo zilizochongwa kwa patasi, pana kiasi cha kupitisha ngumi. Waya mbili zilitoka ndani yake, zikapanda ukutani mpaka kwenye dari, kwenye feni. Kuzunguka tundu lile, na upande wote wa chini wa siti, palikuwa na masizi. Alipitisha kidole. Kikatoka cheusi.

"Hii waya inakwenda wapi?"

"Buti."

"Nifungulie."

Dereva alizunguka nje akainua mlango wa buti. Ndani palikuwa na mabeleshi na tairi moja la baiskeli. Inspekta aliingia akiwa ameinama, akamulika juu. Dari ya buti ilikuwa nyeusi tii, na weusi huo ulikuwa mzito zaidi kuzunguka tundu.

"Feni hizi zilikuwa za betri ya gari?"

"Zingekuwa za betri tungesukuma basi kila jioni. Betri yenyewe ilikuwa ya kubembeleza. Na injini ukiiacha bila kutembea inachemka." Dereva alizungumza kwa fahari ya fundi. "Nikabuni. Kambini kulikuwa na jenereta dogo la petroli, la taa, umeme ukikatika. Nikalitia humu, nikatoboa hapo, nikaunganisha waya. Feni zikazunguka mpaka watu wakapiga makofi."

"Siku gani hiyo?"

"Ndiyo siku ile ile, tukiwa bado kambini. Kabla ya hapo hatukuwa na shida ya feni, madirisha yalikuwa yanafunguliwa."

"Jenereta liliwaka kwa muda gani?"

"Tangu tulipoegesha mpaka walipoitwa kwenda kukaguliwa. Joto lilikuwa la kuua."

"Mlango wa buti ulikuwa wazi?"

"Nahodha alisema kelele zinamsumbua, anataka kuongea na wenzake. Nikaurudishia. Nikaacha nafasi kama ya kiganja hivi, lisizimike."

"Basi ulikuwa umeliegesha vipi?"

"Nyuma kwenye ukuta wa jukwaa, mashabiki wasizunguke."

Inspekta alitoka butini. Alijipangusa magoti. Dereva alikuwa bado ameshikilia mlango, akisubiri swali la ufundi.

"Moshi wa jenereta," Inspekta aliuliza, "ulikuwa unatokea wapi?"

Dereva alifungua mdomo kujibu. Alitazama nafasi ya kiganja, akatazama mahali ambapo ukuta ungekuwa, akatazama tundu alilolichonga kwa mkono wake mwenyewe. Mlango wa buti ukamponyoka, ukajifunga kwa kishindo.

"Nalala humu," alisema. "Kila siku nalala humu ndani."

"Keti."

"Kwenye ile siti naweka mto wangu."

"Keti, baba. Sijakushitaki. Nataka uniambie jambo moja tu kisha nikuandikie maelezo, utie sahihi." Alimkalisha kwenye ngazi ya basi, akafungua kalamu. "Timu ingevalia chumbani, haya yote yasingetokea. Nani wa kwanza kusema kile chumba kina dawa?"

"Mama."

Kalamu ilisimama.

"Mpishi," dereva alieleza, akidhani hakueleweka. "Yeye alitangulia na maji ya kunywa, maji ya pale hatukuyaamini. Alipoingia chumbani akasikia harufu kali, akarudi kambini anakimbia kabla hatujaondoka, aproni bado shingoni. Akasimama mlangoni mwa basi, mikono ameitandaza hivi. Akasema wanangu hawaingii mle, mle mna kitu, mkitaka kuingia nipiteni mimi kwanza. Nahodha alikuwa hataki. Mama ndiye aliyemlazimisha."

"Kwa nini hakuyasema haya kortini?"

"Wakili wake alimkataza. Alimwambia, ukitaja uchawi na dawa za kupuliza, jaji atakuona mshirikina. Kaa kwenye sufuria."

Inspekta aliandika maelezo ya dereva kuhusu jenereta, tundu, madirisha, ukuta na mlango. Aliandika kwa makini na kumsomea. Alipofika kwenye habari ya mpishi na chumba, aliandika tu kwamba timu ilikuwa na wasiwasi nacho. Dereva alitia sahihi bila kuuliza. Jina lake liliandikika kama la mtu anayejifunza kuandika.

*

Ijumaa asubuhi Inspekta alipewa chumba cha mawakili gerezani, chenye meza iliyopigiliwa sakafuni na dirisha moja dogo. Binti aliachwa nje ya lango. Mpishi aliletwa na askari jela. Ndevu zilikuwa zimenyolewa na mwili wake ulikuwa mdogo kuliko shati la jela. Alisalimia kwa adabu, akauliza kama Inspekta amepata maji ya kunywa.

"Wanakuweka jikoni?" Inspekta alimwuliza.

"Nafagia. Wenzangu walikataa kula kutoka mkononi mwangu. Siwalaumu. Sijashika mwiko tangu siku ile."

Inspekta alimweleza. Alitumia maneno machache: petroli, buti, tundu, madirisha. Mpishi alisikiliza ameinamisha kichwa, na alielewa kabla ya mwisho.

"Ni kama jiko la mkaa chumbani," alisema.

"Ndivyo hivyo. Moshi huo ndio unaomwacha maiti na viganja vyekundu."

"Kwa hiyo chakula changu kilikuwa kizuri."

"Kilikuwa safi, mzee. Na sufuria lako nimelipata. Sahihi hapa, niifikishe mahakamani leo hii. Jumatatu wakisoma hiki, hawana njia ya kukuacha ndani."

Mpishi alifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yakatikisika. Askari jela aligeukia ukutani. Kisha mzee akajifuta, akaivuta karatasi, akaishika kalamu. Akaanza kusoma. Alisoma kama mtu anayechambua mchele, kidole kikipita juu ya kila neno.

"Waliwasha jenereta kwa sababu ya joto," alisema.

"Ndiyo."

"Joto kwa sababu madirisha yalifungwa."

"Ndiyo. Tia sahihi, mzee."

"Yalifungwa kwa sababu walikuwa wanavaa." Kidole kilisimama. "Hapa umeandika timu ilikuwa na wasiwasi na chumba."

"Inatosha hivyo."

"Kile chumba kilikuwa kinanuka nini? Mlijua?"

Inspekta angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa amempigia msimamizi wa uwanja jana yake, na hakuwa hodari wa kudanganya.

"Rangi. Walipaka kuta asubuhi ile, kwa ajili ya wakaguzi wa mashindano."

"Rangi," mpishi alirudia.

Nje mtu alikuwa anaburuta mapipa.

"Kiberiti alikuja kambini hata begi hana," alisema hatimaye. "Nilikuwa namfichia chakula cha pili, kocha asione. Nahodha alitaka kuingia kile chumba, unajua? Alisema, Mama, acha woga. Mimi ndiye niliyeziba mlango."

"Kumwonya mtu si kosa. Hakuna sheria duniani inayomfunga mtu kwa kusema chumba kinanuka."

"Sheria haikumlisha yule mtoto."

"Mzee, dereva ndiye aliyetoboa. Nahodha ndiye aliyetaka mlango wa buti ufungwe. Klabu ndiyo iliyokuwa na betri mbovu. Kila mtu ana kipande chake."

"Mimi nataka changu." Aliiweka kalamu mezani, taratibu, isiviringike. "Mwanangu, humu ndani watu hawalali. Wanapiga kelele usiku. Mimi nimekuwa nalala. Mtu akiniuliza kilichonileta, najibu, sikumuua yule mtoto, kisha nalala. Nikitoka, mama yake atakuja kunipa pole. Atakuja, namjua. Ataniuliza, sasa nini kilimuua mwanangu? Nitamwambia nini?"

"Mwambie moshi."

"Na akiniuliza mlifuata nini ndani ya basi?"

Inspekta aliisogeza karatasi kwake tena. Mzee aliirudisha kwa kidole kimoja.

"Una binti nje."

"Najua. Kila wiki anakuja. Anakaa mbele yangu anasema, baba, mimi najua hukufanya. Hilo ndilo pekee nililobaki nalo, na leo umelichukua. Si kwa ubaya. Kazi yako."

"Nitarudi mchana. Fikiri. Ofisi zinafungwa jioni."

"Usijisumbue." Alisimama, akamwashiria askari. Mlangoni aligeuka. "Binti yangu amekula?"

"Sijui."

"Mwambie ale kwanza. Ndipo umwambie."

Nje ya lango binti alikuwa amesimama, shati jeupe limekunjwa mkononi, vifungo vyote vimekamilika. Aliangalia mkoba wa Inspekta, kisha uso wake.

"Umekula?" Inspekta alimwuliza.

Binti alilibana shati kifuani.

"Siku mama alipofariki," alisema, "baba alituuliza hivyo hivyo."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha chai. Waliketi kwenye benchi lake, wakaletewa chai na mkate. Inspekta hakugusa chake. Binti aliliweka shati mapajani, akaukata mkate vipande vidogo vidogo, akala kimoja baada ya kingine, polepole, bila kuinua macho, na kila kilipobaki kimoja alikikata tena.